Juisi ya miwa kabla ya mazoezi inatuangusha tuliopasuliwa tumbo

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wiki iliyopita uliwashauri wanaofanya mazoezi ya asubuhi wanywe kwanza juisi ya miwa au chai yenye sukari ya kutosha, wasije wakaishiwa nguvu njiani. Naomba nafasi niupinge ushauri huo kwa sisi tuliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Kwetu kinywaji hicho ndicho kinachotuangusha, kwa kuporomosha sukari ya damu.

Mimi nauza mchele wa Kyela hapa Soweto, Mbeya. Nilifanyiwa upasuaji ule wa kubakizwa kifuko kidogo cha chakula kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. (Si puto. Wengi wakisikia habari za kupunguza uzito wanawaza puto linalowekwa tumboni katika hospitali ya Mloganzila, ila puto halibadilishi njia ya chakula.) Mwaka wa kwanza sikuona shida yoyote. Shida ilikuja mwaka wa pili, na daktari aliniambia ndivyo ilivyo kwa wengi: hali hii hujitokeza baada ya mwaka mmoja au zaidi, mtu ameshapungua na ameshajiunga na kikundi cha jogingi.

Kinachotokea ni hiki. Kinywaji kitamu hakikai tumboni, kinateremka papo hapo hadi utumbo mwembamba. Sukari inapanda ghafla kwenye damu, utumbo unatoa kwa wingi homoni iitwayo GLP-1 inayoichochea kongosho, nayo inamwaga insulini (homoni inayoshusha sukari) kupita kiasi. Kati ya saa moja na saa tatu baadaye sukari inaporomoka. Sasa ongeza mazoezi juu yake. Misuli ikifanya kazi huvuta sukari kwenye damu hata bila insulini, kwa hiyo huku insulini inavuta, kule misuli inavuta, na ini haliwahi kufidia. Aliyekunywa juisi saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili na nusu yuko kwenye mwinuko wa kuelekea mlima Loleza na miguu haimbebi tena.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni jasho. Julai ya Mbeya mnaijua: watu wamejifunga masweta na mitandio, pumzi zinatoka kama moshi, halafu wewe shingo imelowa chapa na vidole vinatetemeka. Baada ya hapo kichwa kinavurugika, unaulizwa unakaa mtaa gani huna jibu. Niliwahi kupima nikiwa hivyo nikakuta sukari milimoli 2.6 kwa lita, wakati chini ya 3.9 tayari ni ya kuchukulia hatua na chini ya 3.0 ni hatari. Zahanati moja walikataa kunipima sukari kwa sababu sina kisukari, wakahangaika na malaria. Hilo liliniuma sana, maana kipimo cha kidole hakimalizi hata dakika mbili. Na mtu ambaye sukari yake hushuka mara kwa mara huweza kufika mahali asisikie dalili kabisa. Kama ni dereva wa bodaboda kwenye mteremko, hali yake mnaweza kuikadiria wenyewe.

Shangazi zangu wa Tukuyu waliposikia walitaka niache kukimbia. Sitaacha, na mwingine asiache. Mazoezi ndiyo yanayotunza misuli baada ya upasuaji na kuzuia uzito usirudi. Kinachobadilika ni chakula na saa ya kuanza. Kwa maelekezo ya daktari, kabla ya kutoka nakula yai la kuchemsha na parachichi, pamoja na kiazi kitamu kidogo sana. Nikishanywa uji au kula wali sikimbii mpaka zile saa tatu zipite. Glukosi ya unga haitoki mfukoni. Jasho likianza nasimama kabisa, nalamba kama gramu 15, nasubiri robo saa nipime tena. Ikishapanda nakula karanga au yai, kwa sababu utamu peke yake huipandisha sukari na kuiangusha upya. Ndiyo maana chupa nzima ya soda siyo msaada.

Jambo moja naomba lisisahauliwe na wanaotusindikiza. Baadhi yetu tunapewa dawa ya akabosi (acarbose), ambayo huchelewesha kuvunjwa kwa wanga na sukari ya kawaida. Ukimpa mtu huyo chai ya sukari au pipi utasubiri sana. Anahitaji glukosi yenyewe. Akiwa amezimia msimnyweshe chochote, mkimbizeni hospitali na mseme mapema kwamba alipasuliwa tumbo.

Naomba ukurasa wa afya utoe masahihisho toleo lijalo. Na viongozi wa vikundi vinavyokutana uwanja wa Sokoine asubuhi, mnapoandikisha mwanachama mpya muulizeni faragha kama alifanyiwa upasuaji wa tumbo, na mmoja wenu awe na pakiti ya glukosi.

Muuza mchele,
Soweto, Mbeya