Jiwe langu halina kwao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Mi si mtaalamu, ni mpenzi wa mawe tu, nimekulia Arusha jirani na madalali wa tanzanaiti kwa hiyo kushika jiwe na kuligeuzageuza kwenye mwanga nimezoea toka mdogo. Mwaka jana nikaona mtandaoni linauzwa jiwe la stromatoliti, yaani mawe yanayojengwa na vijidudu kwenye maji, mengine toka kabla dunia haijaona samaki wala jani, muuzaji kaandika Pilbara, Australia, miaka bilioni 3.43. Nikajichanga nikalipa. Likafika limepigwa polishi linang'aa, jekundu, mistari myembamba imepandana kama chapati ya mafuta ukiibandua, ila kwenye boksi hamna hata karatasi. Nikamwandikia, bosi hili limetoka mlima gani, nani alilitoa, kibali kiko wapi? Akanijibu kwa emoji ya kucheka na mpaka leo kimya.

Wife ananiuliza sasa shida nini, jiwe si unalo? Ndo hapo watu wengi tunapokosea.

Hao vijidudu, yaani bakteria, walikuwa wanaishi kama utando wa ute juu ya mchanga. Maji yakileta vumbi linanasa kwenye ute, wao wanapanda juu kufuata mwanga, utando mpya juu ya ule wa zamani, miaka na miaka mpaka inakuwa kichuguu cha mawe. Wenyewe walishaoza kitambo, umebaki umbo tu. Na umbo, Mhariri, linadanganya, maana joto na mgandamizo wa ardhini vinaweza kuukunja mwamba ukatoa vichuguu vya hivyo hivyo bila kijidudu hata kimoja.

Mwaka 2016 akina Allen Nutman, mtaalamu wa miamba, walitangaza kwamba kule Isua, Greenland, wamepata vichuguu vidogo vya sentimita 1 mpaka 4, umri miaka bilioni 3.7, dunia nzima ikashangilia. 2018 mtaalamu mwingine, Abigail Allwood, na wenzake wakatoa majibu yao, walienda pale pale kwenye mwamba na hawakuuangalia usoni tu, waliuangalia na ubavuni, wakasema hivi si vichuguu, ni matuta marefu, mwamba umeminywa. Nutman hakukubali. Kabla ya hapo kulikuwa na ugomvi wa mwanasayansi William Schopf, yeye 1993 alionyesha vinyuzi vidogo mno ndani ya gumegume (jiwe gumu sana) la Pilbara akasema ni visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vya bakteria wa miaka karibu bilioni 3.5, halafu 2002 mwenzake mwingine wa sayansi, Martin Brasier, akaja kusema jamani hebu tuchoreni ramani ya pale lilipotoka hilo jiwe, na ramani yake ikaonyesha ni kwenye ufa uliokuwa unapitisha maji ya moto ya volkano, siyo pwani wala nini. Umeona? Jiwe ni lile lile, kesi imegeuka kwa sababu ya mahali.

Na huyo huyo Allwood ndiye aliyewafanya wengi wakubali kwamba mawe ya Strelley Pool, hapo hapo Pilbara, ni kazi ya vijidudu kweli. Hakuja na kipande mkononi. 2006 yeye na wenzake walionyesha walivyoufuata mwamba karibu kilomita 10, wakakuta maumbo ya aina 7, kila aina na sehemu yake. Sasa mtu anakuja na grainda anakata kipande, anapiga polishi, anaweka bei, hapo kauza kitu gani?

Australia kutoa visukuku nje kunaweza kuhitaji kibali. Afrika Kusini ndo kabisa, kule Barberton kwenye milima ya Makhonjwa ambayo UNESCO waliiingiza kwenye Urithi wa Dunia 2018, visukuku ni mali ya serikali kwa sheria ya 1999, huokoti tu ukaweka kwenye begi.

Halafu tusicheke ya wenzetu. Kingo za maziwa ya Natron na Magadi kuna stromatoliti pia, kiumri watoto wadogo ukilinganisha na wale wa Pilbara, lakini zipo juu kabisa kuliko maji ya leo, na ndizo zinazosema zamani ziwa lilifika pale. Ukilibeba moja ukaliweka sebuleni umefuta alama ya maji. Wageni wanabeba, na sisi tunaowatembeza tunabeba (mi mwenyewe nilishabeba, sikatai). Naomba gazeti lenu liwaulize wahusika kama wale madereva na waongoza watalii wanaelezwa chochote kuhusu hayo mawe, maana kwa flamingo wanaelezwa sana. Na anayependa kukusanya kweli kweli, piga picha jiwe likiwa mahali pake, weka na panga au kofia pembeni watu wajue ukubwa, andika GPS, uliache.

Langu la Pilbara lipo kwenye kabati la vyombo. Nimeligeuza nyuma nikaandika kwa maka peni: "Limenunuliwa mtandaoni. Kwao hakujulikani." Mwanangu wa darasa la tano kasoma, akachukua peni akaongeza chini yake: "labda Australia".

Msomaji wenu,
Arusha