Wajukuu zangu wa boti, upepo ndo uliotukalisha pamoja

Asalam aleykum wajukuu zangu mnaoendesha boti za mashine hapa Lamu.

Juzi mmoja wenu kaniambia babu siku hizi upepo si kitu, ukiwa na petroli umefika. Neno hilo limenikaa rohoni siku tatu ndo maana nawaandikia nyote.

Nilipokuwa mdogo kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini, ikishika, Disemba hivi, majahazi ya Waarabu na Waajemi yakiingia na tende na papa na chumvi, halafu yanakaa, maana kurudi hakuna mpaka kusi, upepo wa kutoka kusini, ianze mwezi wa nne, kwa hiyo mtu yuko kwenu miezi mitatu minne. Kulikuwa na nahodha akilala barazani kwetu, asubuhi ameshika sindano kubwa anashona tanga, bibi anamletea kahawa, sisi watoto tunamshikia kitambaa huku tunamfunza maneno yetu na yeye anatufunza majina ya nyota. Mwaka wa pili akaja anaongea kabisa, wa tatu akaposa kwa jirani.

Hivo ndo ilivokuwa pwani hii yote mamia ya miaka. Jahazi ni teknolojia, upepo ni mazingira, na ile imani kwamba mgeni ana haki yake na amana hailiwi, hiyo ndo falsafa, na vitu vitatu hivyo vilisukana kama ukili wa mkeka tukapatikana sisi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331 akamkuta sultani watu wanamwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Hata vyumba vyetu vya zamani vyembamba vile ni boriti ya mkoko, inapoishia ndo ukuta unasimama, na boriti hizo hizo zilienda kuezeka nyumba za Ghuba.

Sitawaficha, upepo huo huo ulibeba watumwa, na soko la Unguja halikufungwa mpaka 1873. Watu walikuwa wanaswali na wanauza watu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Halafu Suez ikafunguliwa 1869, meli za moshi zikaja, na meli ya moshi haingoji kaskazi wala kusi, inashusha inapakia inaondoka. Mgeni aliyekuwa mkwe kidogo kidogo akawa abiria.

Sisemi mtupe mashine jamani, mgonjwa akizidiwa usiku kule Faza, kisiwani Pate, boti yenu ndo inamuokoa, nimeona kwa macho yangu. Ila kila chombo kipya kikija, iwe injini iwe simu, jiulizeni kinatuondolea kungoja gani, na kule kungoja kulikuwa kunatupa nini. Mgeni mkimshusha gatini msikimbilie mwingine, mkalisheni, muulizeni kwao.

Na jifunzeni miongo, yale makumi ya siku. Wazee walihesabu siku toka Nairuzi, mwaka mpya wetu Waswahili, kumi kumi, na kila mwongo wanajua bahari itakuwaje, maana mashine ikizima nje ya Shela kusi imekaza, petroli haitakwambia kitu. Mimi nipo barazani kila siku baada ya Alasiri, njooni na daftari tuanze na mwongo huu tulionao.