Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wakazi wa Frere Town, Kisauni, Mombasa

Wazee wetu, akina mama, vijana, hamjambo.

Mengi ya mwaka huu mnayajua, mlikuwepo. Mitaro ilizibuliwa kabla ya masika na maji hayakuingia nyumba za bondeni. Taa za njia ya kanisani bado. Barua tumepeleka, jibu ni lile lile la "tutakuja". Ada zinasuasua. Mweka hazina atawasomea hesabu mwenyewe, naomba asikatizwe.

Nitakaa zaidi kwenye jambo lililotugawa, kamati ya historia. Baadhi yenu mliuliza: pesa za chama zitumike vipi kurekodi wazee wakati taka zimejaa njiani? Swali la haki. Lakini mtaa huu haukuanza kwa ukoo wala shamba la urithi. Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa 1873, soko la watumwa la Unguja likafungwa, na manowari za Waingereza zikazidi kukamata majahazi ya biashara hiyo. Waliookolewa walikuwa wametolewa bara, mbali, wengi hawana pa kurudi. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, chini ya William Salter Price wakawapa makao hapa. Myao, Mmakua, Mnyasa, wote wakajifunza kuwa majirani.

Waliowapokea ni Waafrika waliosomeshwa Nasik, India, ambao wenyewe waliokolewa utumwani: mafundi, walimu, wakalimani. Kwa maoni yangu hawa tumewapunja. Jina la mtaa alipewa Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa kwa Sultani kuhusu mkataba ule, wao hawana hata kibao.

Kengele pale njia panda kila abiria wa matatu anaiona. Ililizwa kuwatahadharisha watu kwamba wavamizi wanakuja kuwarudisha utumwani, na hofu hiyo haikuwa ya bure: utumwa wenyewe haukufutwa kisheria pwani hii hadi 1907. Zaidi ya miaka thelathini watu waliishi hapa huru, na mashamba ya jirani yakilimwa na watumwa.

Habari hizi zimo vitabuni. Zisizomo ni za nyumbani kwenu: nani alioa wapi, nani alizikwa wapi, mpaka wa kiwanja ulipita mwembe gani. Mwembe ukikatwa na mzee akifa, mgogoro wa ardhi utaamuliwa na mwenye wakili. Ndiyo maana napendekeza kamati iendelee mwaka mwingine, kwa bajeti ile ile.

Mwenye picha za zamani au cheti cha ubatizo cha babu amwone katibu leo kabla ya chai. Tutatoa nakala, na asili utaondoka nayo mwenyewe.