Barua kwa mwanangu aliyevishwa jezi namba moja

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo. Nyanyako magoti yanamsumbua kwa baridi hii, ila ulimi wake uko palepale. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili nikiwa zamu ya usiku wodini. Habari za masomo umezimaliza kwa mistari miwili, halafu kurasa zote zilizobaki ni manung'uniko: mwalimu wa raga amekutoa namba nane na kukupeleka safu ya mbele, ukawe propu wa kushoto, yule wa kusukuma. Unasema propu hapati mpira, hapigwi picha, na jina lake likitajwa basi refa anampigia filimbi. Unataka nimpigie mwalimu simu.

Simpigii. Mwalimu amekutazama mabega na mapaja, akaona kile ambacho mimi nilikiona tangu ukiwa darasa la sita. Lakini najua kazi hiyo inavyovunja mtu asiyeijua, kwa hiyo nisikilize.

Mjomba wako alikuwa propu, unajua. Jumamosi alicheza, Jumatatu alipanda nguzo za umeme na shingo iliyokaza. Nilimkanda kwa maji moto kabla hata sijaingia chuo cha uuguzi, naye alipenda kuzungumza akikandwa. Nyingi ya raga niliyo nayo kichwani niliipata hivyo, nyingine nimeipata kwenye televisheni ya chumba cha wauguzi.

Sasa, unamjua Tendai Mtawarira, yule waliyemwita Beast. Umemwona akiwa na jezi ya Afrika Kusini, mashabiki wa Durban wakilivuta jina lake kila akishika mpira. Ambacho pengine hujui ni kwamba alizaliwa Harare, mwaka 1985, na alipokuwa kijana Zimbabwe alicheza nyuma ya skramu, ule msukumano wa wanane kwa wanane, namba nane na pembeni, kama wewe. Alipenda kukimbia na mpira, na alikimbia vizuri. Alipofika klabu ya Sharks kule Durban, kocha Dick Muir alimwambia kwamba akitaka kufika mbali aende safu ya mbele. Hebu fikiria. Kijana ametoka kwao, yuko nchi ya watu, na kile anachokijua anaambiwa akiache. Alikubali, akaanza kujifunza upya akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu.

Juni 2008 alivaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Wales, mjini Pretoria. Mwaka mmoja baadaye akaja Phil Vickery.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu mjomba wako alinilazimisha niitazame mechi ile na nadhani ndiyo mechi inayoeleza kazi yako kuliko maneno yoyote ya mwalimu. Ilikuwa Juni 2009, Durban, mechi ya kwanza kati ya Afrika Kusini na Lions, ile timu inayokusanya wachezaji bora wa Uingereza, Scotland, Wales na Ireland na kuzuru kila baada ya miaka minne. Vickery alikuwa propu wa kulia. Alikuwa bingwa wa dunia wa 2003, aliyewahi kuwa nahodha wa Uingereza, mtu aliyesukuma skramu tangu Mtawarira akiwa mtoto wa shule.

Propu wa kulia kichwa chake kinabanwa pande zote mbili, katikati ya huka wa wapinzani, yule anayekaa kati ya mapropu wawili, na propu wao. Wewe wa kushoto, kichwa chako kina nafasi upande wa nje. Nafasi hiyo ndiyo mali yako yote. Ukiingia chini ya kifua chake, mgongo ukiwa umenyooka na nyonga zikisukuma kuelekea mbele, unamwinua. Propu aliyeinuliwa hana nguvu, hata awe na kilo ngapi, kwa sababu miguu yake haina pa kukanyagia. Na nyuma yenu wote wawili kuna watu wengine wazito. Timu kubwa wanane wao hufika karibu kilo 900. Ukikosea pembe, uzito huo wote unapitia shingoni mwako.

Siku ile Mtawarira alimwinua Vickery skramu baada ya skramu. Refa akawa anapiga filimbi, Afrika Kusini wakapata penalti, na muda mfupi baada ya mapumziko Vickery akatolewa. Afrika Kusini walishinda 26–21 na Mtawarira akatajwa mchezaji bora wa mechi. Propu, mchezaji bora! Kwa hiyo usiniambie hapigwi picha.

Lakini wanaoisimulia mechi hiyo wengi huishia hapo, na mimi huwa naona wamemdhulumu Vickery. Mechi ya tatu, kule Johannesburg, alirudishwa kikosini, akakutana na Mtawarira yuleyule, na mara hii akasimama imara. Lions wakashinda 28–9. Mfululizo wa mechi tatu ulikuwa umekwisha kupotea, lakini mtu aliyeaibishwa mbele ya dunia nzima alipewa majuma mawili tu, akarudi mahali pale pale akainamisha kichwa tena. Mimi nikiulizwa ni yupi kati yao wawili ningependa uige kwa majira yale, ningefikiri sana kabla ya kujibu.

Na Vickery mwenyewe aliwahi kuokolewa na propu mzee. Fainali ya Kombe la Dunia 2003, kule Sydney, refa alikuwa anaiadhibu skramu ya Uingereza hadi Australia wakasawazisha mwishoni. Akaingizwa Jason Leonard badala ya Vickery. Penalti za skramu zikakoma, Uingereza wakashinda 20–17 katika muda wa ziada. Leonard alianza kuichezea nchi yake mwaka 1990, enzi ambazo raga haikuwa na mshahara, naye alikuwa fundi seremala. Mwaka 1992 pingili ya shingo iliharibika, madaktari wakachukua kipande cha mfupa wa nyonga wakamtengeneza nacho. Alirudi, na alipomaliza alikuwa ameichezea Uingereza mara 114. Wengine husoma habari hiyo wakamsifu kwa ushujaa. Mimi muuguzi naisoma nikiwaza ile shingo.

Ndiyo sababu nakuandikia marefu hivi. Propu hukomaa polepole. Winga wa miaka kumi na tisa anaweza kutikisa dunia. Propu wa umri huo bado ni mwanafunzi, na wazee wa upande wa pili watamfundisha kwa maumivu. Wengi huwa bora wakikaribia miaka thelathini. Nakuona unavyoharakisha mambo, tangu kutembea ulikotembea kabla ya wenzako, na kazi hii haikubali haraka.

Mtazame tena Mtawarira. Baada ya ile Durban ungedhani njia imenyooka. Mwaka 2010 wakubwa serikalini wakahoji kwa nini mtu asiye raia anavaa jezi ya taifa. Kwa sheria za raga alikuwa halali, maana alikuwa ameishi pale muda wa kutosha, lakini wao walitaka uraia. Ilibidi asubiri makaratasi, na mwaka huohuo akapewa. Halafu moyo. Kati ya 2010 na 2012 mapigo yake yalimsumbua zaidi ya mara moja, moyo unakwenda mbio na kupoteza mpangilio, akalazwa, akakosa mechi, akatibiwa, akarudi uwanjani baada ya madaktari kumruhusu. Angeweza kunyamaza na kuendelea kucheza. Alisema. Wewe nawe siku moyo ukidunda vibaya, au ukizimia, au kichwa kikizunguka baada ya kugongana, useme siku hiyohiyo. Usisubiri mechi iishe. Mtikisiko wa ubongo hauonekani kwa macho ya wenzako, na kijana anayerudi uwanjani akiwa nao anaweza kuumia vibaya zaidi kwa kugongwa kidogo tu.

Kombe la Dunia 2011 alikuwepo, wakatolewa na Australia robo fainali, 11–9. Mwaka 2015 alikuwepo, New Zealand wakawatoa nusu fainali, 20–18. Pointi mbili, kila mara. Kisha Japani, 2019. Fainali dhidi ya Uingereza, Yokohama, Novemba 2. Dakika za mwanzoni kabisa propu wa kulia wa Uingereza, Kyle Sinckler, aligongana na mwenzake akapoteza fahamu, akatolewa. Dan Cole akaingia mapema mno, akabaki karibu mechi yote, na mbele yake akamkuta mzee wa miaka 34 aliyekuwa akiingoja siku hiyo. Ile skramu ya Afrika Kusini ilikuwa ikitembea mbele kana kwamba upande wa pili hakuna mtu. Penalti zikaja, Handré Pollard akazipiga katikati ya milingoti. Watu wanakumbuka mbio za Cheslin Kolbe, na kweli zilipendeza, lakini Uingereza walikuwa wamekwisha chini ya ile skramu zamani. Ikawa 32–12. Mara baada ya mapumziko Mtawarira akampisha Steven Kitshoff, na siku chache baadaye akatangaza kwamba amemaliza na timu ya taifa. Mechi 117. Hakuna propu wa Afrika Kusini aliyekuwa amefikisha idadi hiyo kabla yake.

Sasa mambo yako wewe.

Kwanza, kilo. Umeandika kwamba kuna mwenzenu anauza unga wa kuongeza misuli kwenye bweni. Usiguse. Kopo linaandikwa hili, ndani mna lile. Aphiwe Dyantyi, winga wa Afrika Kusini aliyetajwa chipukizi bora wa dunia mwaka 2018, alikutwa na dawa mwilini mwaka 2019. Yeye alisema hakutumia kwa kusudi. Alifungiwa miaka minne, na lile kombe la Yokohama alilitazama akiwa nje. Wewe kula githeri, kula maziwa na mayai unayoyapata, lala mapema. Uzito utakuja, kwa ukoo wa mjomba wako haujawahi kukosa kuja.

Pili, shingo na mgongo. Mwombe mwalimu akufundishe mazoezi ya shingo kabla ya kukupeleka kusukuma na watu. Katika skramu mabega yako yasishuke chini ya nyonga, hata sheria inakataza. Mkono wako wa kushoto ushike jezi ya mgongoni au ubavuni mwa mpinzani, usimvute chini. Skramu ikianguka, usishindane nayo, na usinyanyue kichwa mpaka wenzako watoke juu yako. Kwa wavulana wa umri wenu sheria hairuhusu kusukuma zaidi ya mita moja na nusu, na iliwekwa kwa ajili ya shingo kama yako. Refa akisahau, nahodha wenu amkumbushe kwa adabu.

Tatu. Ikitokea siku huka wenu ameumia na wakataka kumweka mle kijana asiyefundishwa safu ya mbele, mkatae. Sheria inasema kama hakuna aliyefundishwa, skramu zichezwe bila kusukumana. Watu watalalamika kwamba mechi imeharibika. Waache walalamike. Nimehudumia kijana mmoja wodini aliyeumia shingo, sitakueleza zaidi ya hapo.

Kuhusu pesa, kwa kuwa najua unaifikiria ingawa hukuandika. Ulaya, hasa Ufaransa, propu mzuri anatafutwa kwa tochi, na vijana wa Georgia, nchi ndogo sana, wamejipatia maisha kule kwa kusukuma skramu tu. Hapa kwetu mjomba wako alibaki na vifaa vyake vya kupandia nguzo na koleo zake za umeme. Alipokuwa anaondoka uwanjani Jumamosi alijua Jumatatu ana kazi, na hakuna kocha aliyeweza kumtisha kwa sababu hiyo. Babako na mimi tutakulipia karo, viatu vya raga vilevile tutanunua, lakini mtihani wa kidato cha nne utaukalia ukiwa na vitabu.

Usidhani pia kwamba namtaja Mzimbabwe kwa sababu hatuna watu. Julai 2025 Zimbabwe waliwafunga Namibia 30–28 pale Namboole, Kampala, wakafuzu kwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1991. Kampala, mwanangu, basi la usiku tu kutoka hapa. Wakenya wa timu ya wachezaji kumi na watano bado hawajafika huko, na mjomba wako anaapa kwamba kinachokosekana si mbio, ni mapropu. Huwa anapendelea upande wake, hilo nakubali.

Siku ya wazazi nitakuja, zamu nimeshabadilishana. Nitaleta kinga mpya ya meno kwa sababu ile ya mwaka jana lazima imekubana. Ukiandika tena nieleze huka wenu ni nani na kama anajua kazi, maana yeye ndiye utakayemshika kila siku. Na uniandikie hesabu umepata ngapi. Hiyo uliiruka.

Mamako