Wakodishaji wa mbao za kasia wabebe dhamana

Mhariri,

Siku hizi ukifika Watamu asubuhi, kabla upepo haujachangamka, utawakuta wageni kwa wenyeji wamesimama juu ya mbao pana, kasia mkononi, wakielekea kwenye mikoko ya Mida. Sina ugomvi na mchezo huu. Hauna injini, haumwagi mafuta, na vijana wetu wanapata riziki kwa kukodisha na kufundisha.

Shida yangu ni namna mbao zinavyotolewa. Hori la Mida, mkono wa bahari ulioingia bara, hujaa na kupwa kupitia mlango mmoja, na wakati wa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yakianza kutoka hayana mzaha. Mtu aliyesimama wima naye ni tanga tosha kwa umande, upepo wa asubuhi unaovuma kutoka bara. Juu maji yanaonekana shwari, kwa hiyo mgeni hashtuki mpaka ajikute anapiga kasia na haendi popote. Mvuvi wa hapa hatoki bila kujua mwezi una siku ngapi. Mkodishaji, mara nyingi, anauliza tu utarudi saa ngapi.

Marekani, tangu 2008, Walinzi wa Pwani wanauhesabu ubao huu kuwa chombo ukishatoka eneo la waogeleaji: lazima uwe na jaketi okozi na filimbi. Na Oktoba 2021 huko Haverfordwest, Wales, watu wanne walikufa katika safari ya kulipia ya mbao za kasia iliyokuwa na viongozi. Walipelekwa mtoni siku ambayo maji yamefura.

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori linasimamia hifadhi ya bahari ya Watamu, na Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya inahusika na usalama wa vyombo. Wakae pamoja waamue: hakuna ubao bila jaketi; kwenye mkondo kamba inayomuunganisha mtu na ubao wake ifungwe kiunoni, ya kufunguka kwa mvuto mmoja, si mguuni ambako itanasa kwenye mizizi ya mikoko; na wakati wa kupwa kwa bamvua wanaoanza wasipelekwe horini. Boti za kasi nazo zipunguze mwendo, maana wanaoanguka ni wengi.

Ada za leseni zisubiri. Zikitangulia, kijana mwenye mbao mbili atafukuzwa ufukweni, zibaki hoteli zikikodisha kwa bei ya watalii.

Mkazi wa Watamu,
Kaunti ya Kilifi