Mke ndiye mwenye kazi, mimi nimefuata tu. Nifanyeje, Shangazi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 39, mhasibu mwenye CPA, kile cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu, na baba wa watoto wawili. Nakuandikia kutoka Geneva, Uswisi. Uniwie radhi barua ikiwa ndefu, maana hapa sina wa kumweleza, na wanaume wenzangu wa nyumbani nikiwaeleza wanacheka.

Miaka miwili iliyopita mke wangu alipata kazi kwenye shirika moja la kimataifa. Aliomba mara tatu kabla ya kuitwa. Usiku ule barua ilipokuja tulikaa sebuleni kwetu Mbezi tukapiga hesabu mpaka jogoo akawika: mshahara wake, shule ya watoto, kodi tutakayoipata tukipangisha nyumba. Hesabu zikakubali. Mimi nikaacha kazi kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu, nikiwa nimebakiza hatua moja niwe meneja, nikasema nitatafuta nyingine hukohuko. Debiti na krediti ni zilezile dunia nzima, ndivyo nilivyojitia moyo.

Tulipofika tulipewa kadi, yake na yangu. Yangu inasema mimi ni mwenza wake, basi. Kwa kadi hiyo peke yake huwezi kuajiriwa. Lakini mlango upo, nisiwasingizie Waswisi. Mwenza wa mtumishi wa shirika la kimataifa akishapata mwajiri, anabadilishiwa kadi ile na kupewa kibali kinachoitwa Ci. Hakihesabiwi kwenye idadi ya wageni wanaoruhusiwa kwa mwaka, wala mwajiri hatakiwi kuthibitisha kwamba amekosa mwenyeji wa kufanya kazi hiyo. Hata kabla hujapata kazi, unaweza kupewa barua ya serikali ya kumwonyesha mwajiri kwamba ukikubaliwa, kibali kitatoka. Unaanza kukatwa kodi na michango ya uzeeni kama watu wengine, jambo ambalo mimi ningelipokea kwa shangwe.

Shida ni kwamba waajiri wengi niliokutana nao hawakijui. Wanajua kibali B na C, vile vya kawaida vya wageni wanaoishi hapa, wanajua G, kile cha watu wanaovuka mpaka kila asubuhi kutoka Ufaransa. Hao ni zaidi ya 100,000, na Kifaransa wamekinyonya kwa mama zao. Mimi nikitoa barua yangu, dada wa utumishi anaigeuza mbele na nyuma kama muuza duka aliyepewa noti asiyoiamini. Kisha anauliza swali ambalo siku hizi nalisubiri kabla hajafungua mdomo: hiki kibali kinaisha lini? Jibu la kweli ni moja. Kinaisha mkataba wa mke wangu ukiisha.

Na mkataba wenyewe, Shangazi, unatia wasiwasi. Mwaka 2025 Marekani ilipokata fedha zake, mashirika mengi ya hapa yalianza kupunguza watu. Ofisini kwa mke wangu waliondoka wenzake wengi, wengine wakiwa na watoto shuleni. Yeye alibaki, ila sasa anaongezewa mwaka mmoja mmoja. Wa sasa unaishia Desemba.

Maombi ya kazi nimetuma 143. Nayaandika kwenye jedwali, safu ya tarehe, safu ya kampuni, safu ya majibu, si unajua wahasibu. Usaili nimeitwa mara nne. Wanataka Kifaransa cha kuandikia barua ofisi ya kodi, nami bado nahangaika na cha kuagizia mkate, ingawa jioni naenda darasani na ninaendelea. Wanataka pia cheti cha shirikisho cha fedha na uhasibu, ambacho wenyeji hukisomea huku wakiwa kazini, na mtihani wake hukai bila uzoefu wa kazi. CPA yangu wanaisifia, wanasema vizuri sana, kisha wanaifunga kwenye faili.

Sasa nikwambie maisha yenyewe. Hapa kwenye majengo ya kupanga chumba cha kufulia ni cha wote, kila nyumba ina siku yake, na majina yamebandikwa mlangoni. Sisi ni Jumanne mchana. Kwa hiyo kila Jumanne niko chini kule na kapu, mimi na bibi mmoja Mreno aliyestaafu, ambaye ndiye rafiki yangu mkubwa katika mji huu. Siku moja mama yangu alipiga simu ya video nikiwa naanika. Nikapokea bila kufikiri. Akanyamaza, akasogeza uso karibu na kioo, akauliza: "Mwanangu, hiyo unayoibana vibanio ni sidiria?" Nikasema ndiyo mama, ni ya mkwe wako. Hakusema kitu. Kesho yake mdogo wangu akaniambia habari imefika kijiweni, na kwamba jina langu jipya ni "yule aliyeolewa Ulaya". Kuna rafiki yangu aliniuliza mahari yangu ililipwa kiasi gani.

Hayo nayamudu. Kufua si ugonjwa, na watoto wangu sasa nawajua kuliko nilivyowajua nikiwa narudi saa tatu usiku kutoka kwenye ukaguzi. Kinachonikata maini ni fedha. Mke wangu alinipa kadi ya pili ya akaunti yake, kwa moyo safi kabisa. Lakini kila nikinunua kitu, simu yake inalia. Nikinunua mkate, inalia. Nikienda kunyoa kwa vijana wa Kiafrika pale Pâquis, inalia. Hajawahi kuniuliza hata siku moja, Shangazi, naapa. Ila nimeanza kunyoa mwenyewe nyumbani, na kisogo changu kinaonyesha.

Mwezi uliopita milango mitatu ikafunguka kwa mpigo, ndipo nikachanganyikiwa.

Wa kwanza ni kampuni ya usafi wa maofisi. Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa mbili na nusu usiku. Hawakuniuliza Desemba wala mkataba wa mtu, waliuliza kama mgongo wangu mzima. Mshahara wa saa ni wa kiwango cha chini cha hapa Geneva, ambacho mwaka 2025 kilikuwa faranga 24.48, yaani zaidi ya shilingi elfu sabini za kwetu kwa saa moja ya kusukuma mopu.

Wa pili ni ofisi ndogo ya uhasibu, mzee mmoja na wasaidizi wawili. Anataka nije nusu siku nimwingizie ankara kwenye kompyuta, miezi sita ya majaribio. Kazi ya mtoto aliyemaliza diploma jana, lakini ni ya hesabu, na hapo ningeanza kukusanya uzoefu wanaoutaka. Tatizo ni kwamba anasita. Amesema waziwazi kwamba hataki kunifundisha kodi za kantoni, yaani za mkoa wa hapa, halafu Desemba niondoke. Anataka nimpe uhakika, na uhakika huo sina, anao bosi wa mke wangu, kama naye anao.

Wa tatu ni bosi wangu wa zamani Dar. Amenipigia mwenyewe. Kiti cha meneja kiko wazi, ananitaka kabla ya msimu wa ukaguzi kuanza.

Nilipomweleza mke wangu, ya Dar alisema niamue kwa akili yangu, kisha akaenda kuoga muda mrefu sana. Ya ankara aliipenda. Ya usafi aliikataa palepale. Alisema watu wa ofisini kwake watasemaje wakisikia mume wake anasafisha vyoo. Nikamjibu vibaya. Nilisema kumbe aibu yangu inamuuma akiwa ofisini kwake tu, kijiweni kwetu haimhusu. Tukalala kila mtu na ukuta wake.

Asubuhi, akiwa amevaa koti tayari kutoka, aliniuliza swali moja: "Unakumbuka Mbeya?"

Shangazi, nilikuwa nimesahau. Miaka tisa iliyopita kampuni ilinihamishia Mbeya kwa miaka mitatu. Yeye alikuwa na kazi nzuri Dar. Akaacha, akanifuata na mtoto mchanga mgongoni. Kule alikosa kazi mwaka mzima, mwisho akawa anauza vitenge kwa mkopo kwa walimu. Kila jioni nikirudi alikuwa ananiomba hela ya kesho, na mimi nilikuwa nahesabu noti mbele yake. Hakuna aliyempa jina kijiweni. Mama yangu hakumpigia simu kumuuliza anaanika nini. Mimi mwenyewe sikumbuki kama niliwahi kumuuliza siku zake zilipitaje.

Tangu siku hiyo ulimi umekuwa mzito. Nikisema nirudi Dar, ni kama namwambia alichonifanyia mimi siwezi kumfanyia. Watoto nao, wa darasa la tatu anasahihisha Kifaransa changu mezani, nikimng'oa hapa sasa nitakuwa nampeleka wapi, na nikimwacha nitakuwa baba wa kwenye simu. Nikibaki na ankara, huenda ifikapo Desemba tukafungasha wote nikiwa sina kiti cha Dar wala cheti cha hapa. Nikichukua mopu, nitakuwa na hela yangu ya kunyoa, ila nyumbani kutakuwa na baridi, na hapa baridi iliyoko nje inatosha.

Ninachokuomba ni ushauri wa mtu mzima. Kwanza, huyu mzee wa ankara nimwambie nini? Nimsihi anichukue hivyohivyo na hatari yake, au nimwahidi nisilo na uwezo nalo? Pili, je, nina haki ya kuchukua kazi ya usafi huku mke wangu hataki, hata kama ni kwa miezi hii michache mpaka tujue la Desemba? Na la tatu, ambalo ndilo gumu: jambo la Mbeya nilianzie wapi? Nimeshafungua mdomo mara mbili jikoni, nikaishia kumuuliza kama chai ina sukari.

Bosi wa Dar anasubiri jibu mwisho wa mwezi. Ukinijibu, tafadhali usitaje jina langu, kijiweni wanakusoma.

Wako,
Baba Wawili, Geneva