Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kinamasi chetu cha Dunga

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina. Mimi nitasema habari za kinamasi chetu hiki cha kando ya Ziwa Victoria, Kisumu.

Februari, jua likiwa kali, kuna aliyewasha moto apate pa kupanda sukuma wiki. Kufika jioni kipande kizima cha mafunjo kilikuwa majivu. Simtaji mtu. Mafunjo yenyewe hayakukawia: huchipua upya kutoka kwenye mizizi iliyolala majini, na Oktoba yalikuwa yamenipita kimo. Waliokawia ni ndege. Yule mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, mwenye utosi wa manjano, ambaye dume na jike huitikiana kama wimbo mmoja, makao yake ni mafunjo. Nilipiga kasia pale asubuhi nyingi nisimsikie. Mwezi jana tu ndipo jozi moja iliitika.

Wavuvi hunilaumu kwamba chama kinalinda majani. Jamani, sangara alipotapakaa ziwani miaka ya 1980, furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wa aina nyingi walitoweka, na baadhi ya waliosalimika walijificha kwenye vinamasi kama hiki. Maji ya chini ya mafunjo yana hewa kidogo mno. Sangara hayawezi, furu wengine huyavumilia. Kamongo ndiye hajali kabisa, maana ana mapafu na huja juu kuvuta pumzi. Ndiyo sababu akinaswa kwenye wavu uliozama hufa maji, samaki mzima! Mei nilionyeshwa kiota chake, shimo la tope katikati ya mizizi. Dume alikuwa ndani akilinda vifaranga, nami kwa utundu nikaingiza ncha ya kasia. Akaiuma. Alama za meno zipo, njooni mzione.

Nzohe, yule swala wa kinamasi, hatukumwona. Tuliona nyayo tu, kwato ndefu zilizotanuka, zikiishia majini.

Kwa akina mama wasusi wa mikeka: kamati inaomba tukate kwa mundu, kwa zamu, na kipande kilichokatwa kipumzike mwaka mzima kabla ya kuguswa tena. Najua mwaka jana tuliafikiana hivyo hivyo, na wa kwanza kuvunja nilikuwa mimi, nilipokata ya kuezekea banda la kuku kabla ya zamu yangu. Faini nimelipa, risiti anayo katibu.